Bingwa Aliyekwenda Mgongo Mbele

Fidélie Kabedi alipokuwa na miaka ishirini na minne, watu wa kando ya ziwa Nzilo walimjua kwa jambo moja: ukitaka kuvuka na upepo umeinuka, usimtafute mwenye mota, mtafute Fidélie. Mota huzima. Fidélie hakuzima. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mabega mapana na maneno machache, na kazi yake ilikuwa kuvusha watu kutoka Kalwenda, kijiji cha wavuvi na wachoma makala, hadi ng'ambo inakoanzia barabara ya Kolwezi. Bwato lake, mtumbwi wa gogo moja aliouchonga marehemu baba yake, lilibeba akina mama na magunia yao ya makala, walimu na baiskeli zao, mbuzi, magodoro, na siku moja lilibeba kwaya nzima ya Wamethodisti kwa safari tatu, wanaoondoka na wanaongoja wakiimba wimbo mmoja bila kukatiza.

Mwezi wa saba mwaka ule, upepo wa baridi ulivuma siku nne mfululizo. Siku ya nne asubuhi, Abigaël, mke wa mwalimu wa shule ya msingi, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Ilipofika saa nne mkunga akatoka nje ya nyumba, akafuta mikono, akasema mtoto amelala vibaya, mama huyu anahitaji hospitali ya Kolwezi, na anaihitaji sasa hivi. Boti pekee ya mota ilikuwa imevunjika panga lake la kusukumia maji tangu juzi. Mwalimu alikimbia ufukweni na kiatu kimoja.

Fidélie alilitazama ziwa. Mawimbi yalikuwa meupe hadi katikati. Akamwambia mwalimu, "Mulalishe katikati, kichwa ku upande yangu. We kaa mbele, usisimame hata ukiona nini."

Kwa kawaida safari ile ilimchukua karibu saa nzima. Siku ile Abigaël alipiga kelele mara ya kwanza walipoiacha pwani ya Kalwenda, na alipotulia kidogo na kufungua macho, aliona paa la mabati la ng'ambo. Fidélie hakuwa amesema neno. Alikuwa ameikaza miguu kwenye ubao uliokingama ndani ya bwato, na kila alipoivuta kafi, bwato lote lilitetemeka.

Chini ya paa lile alisimama mzee mmoja, Tata Godefroid Mukalay, fundi umeme mstaafu aliyezoea kuja kuvua kwa ndoana. Alifungua mlango wa pikapu yake kuukuu, wakampakia Abigaël, na gari likaondoka na vumbi lake. Saa nane mchana alizaliwa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Wazazi wake walimwita Fidélie, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya kwanza aliyopewa Fidélie mbele za watu. Aliipokea kwa kuinamisha kichwa tu, akarudi kwenye bwato lake.

Baada ya siku tatu mzee alikuja kumtafuta.

"Mama, nani alikufunza kupiga kafi?"

"Hakuna, Tata. Mi nilizaliwa karibu mu bwato."

"Na ukipiga, unapiga na nini?"

Fidélie akashangaa. "Na mikono."

"Hapana. Batu bote banapiga na mikono. We unasukuma na miguu, mugongo unafuata, mikono inakuja mwisho. Ile siku nilikuangalia tangu ulikuwa kule mbali, kadogo kama inzi. Mi nilifunza bijana ile kitu miaka tatu, na hakuna mwenye aliikamata."

Akamwongoza hadi chini ya paa la mabati. Fidélie alikuwa amelipita jengo lile maelfu ya mara akidhani ni ghala la saruji. Kumbe lilikuwa la klabu ya zamani ya makasia, iliyofungwa kabla yeye hajazaliwa. Ndani, juu ya magogo mawili, chini ya turubai, kulikuwa na chombo ambacho hakuwahi kuona mfano wake: chembamba kama unyoya, kirefu kupita nyumba yao, chenye kiti kinachoteleza mbele na nyuma juu ya vijireli. Wenyewe walikiita skif. Enzi mkoa ukiitwa Shaba, Godefroid alikuwa bingwa wake. Klabu ilipofungwa, meneja wa mwisho alimwachia ufunguo, na tangu hapo, kila Pasaka, mzee alikuja peke yake kukipaka vanishi.

"Miaka yote hii, Tata? Unaichunga juu ya nani?"

"Sikujua juu ya nani," mzee akasema. "Lakini bwato haiozi kama iko na mutu anaingoja."

Siku ya kwanza Fidélie alianguka majini mara tano, hapo hapo ufukweni ambapo maji hayakuzidi kiuno. Skif haikuwa na huruma ya bwato. Ukipiga chafya, inapinduka. Na tena, mpiga makasia hukaa kinyume: mgongo ndio unaotangulia, macho yanaangalia anakotoka.

"Tata, sasa naenda wapi?" alilia, nusu akicheka.

"Kamata alama mbili kule ulitoka. Ile nguzo, na ule muti wa nyuma yake. Bikae kimoja nyuma ya kingine. Bikiachana, ujue unapinda."

Kijijini walipata la kuongea. Mama yake, Mama Laurentine, aliyekuwa akikausha samaki na kuwapeleka soko la Kolwezi kila Jumamosi, alikuja kusimama ufukweni, mikono kiunoni, akamtazama binti yake akipita kama aliyerushwa na upinde.

"Fidélie! Mutu wa akili anatanguliza macho. We unatanguliza mugongo. Ukigonga kisiwa je?"

"Kisiwa haitembei, mama!"

"Na we mwenyewe, unatembea kwenda wapi?"

Fidélie alijua tu kwamba kila asubuhi, kabla abiria hawajafika, kulikuwa na robo saa ambapo maji yalikuwa kama kioo, na makasia mawili yaliingia na kutoka pamoja, na skif ikaimba chini yake sauti ndogo ya mapovu. Hakuwahi kumwambia mtu kuhusu sauti ile. Aliihesabu kuwa mali yake.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, parokia na wazee wachache waliokumbuka klabu walichanga, wakamnunulia tiketi ya kwenda Kinshasa kwenye mashindano ya taifa. Fidélie alipanda ndege kwa mara ya kwanza, akiwa na sketi ya kanisani na makasia ya kuazima. Asubuhi ya mashindano, mama mmoja mwenye daftari akawaita wanamichezo wote kwenye bwawa la kuogelea. Kila mmoja aogelee mita hamsini kwanza; ndiyo sheria, kwa usalama wa kila mtu.

Fidélie alisimama ukingoni. Maji yale yalikuwa ya buluu na unaona chini. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mi sijue kuogelea."

Yule mama alidhani anatania. "Unatoka ziwani na hujui kuogelea?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kalwenda, maji yalikuwa njia. Mtu alipita juu yake, hakuingia ndani yake. Mama Laurentine alikuwa amempoteza kaka yake ziwani akiwa bado msichana, na watoto wake wote walikatazwa kwenda kucheza kupita magotini. Fidélie alikuwa ameishi miaka ishirini na mitano juu ya maji bila kuyafahamu.

Yule mama mwenye daftari alimhurumia, lakini sheria ni sheria. Fidélie aliyatazama mashindano kutoka ukingo wa mto, makasia yakiwa yamelala mapajani. Muda wa mshindi uliposomwa kwenye kipaza sauti, aliurudia kimoyomoyo mara mbili. Ulikuwa mrefu kuliko muda wake mwenyewe, ambao Tata Godefroid aliupima kila Jumamosi kule Nzilo.

Tata Godefroid alimpokea uwanja wa ndege akiwa amevua kofia. "Kosa ni yangu," alisema. "Nilikufunza byote, sikukuuliza kitu ya kwanza."

Sokoni Kolwezi habari zilikuwa zimetangulia. Kijana mmoja muuza kadi za simu alimwita "championne mwenye anaogopa mayi," yaani bingwa anayeogopa maji, na watu wakacheka. Fidélie alipita akiwa ameshika njia yake. Lakini wiki mbili nzima hakuligusa turubai la skif. Alivusha watu, akala, akalala.

Aliyemtoa pale alikuwa Abigaël. Alikuja ufukweni asubuhi moja na mtoto mgongoni, akamfungua, akamkabidhi Mama Laurentine bila maelezo, kisha akavua kitenge akabaki na nguo ya ndani ndefu.

"Mi nilizaliwa Moba, ku Tanganyika," alisema. "Kule mutoto anajua kuogelea mbele ya kujua kusema. Njoo."

"Mama Abigaël, aksanti, lakini..."

"Ile siku mu bwato ulinibeba, mi nilikuwa naogopa. Ulinisemesha nini?"

Fidélie akawaza. "Sikukusemesha kitu."

"Njo vile, haukunisemesha. Na mi leo sitakusemesha kitu. Ingia."

Miezi minne waliingia majini. Mwanzoni Fidélie, aliyeweza kukata mawimbi ya mwezi wa saba, alishindwa kuzamisha masikio. Mikono ilimng'ang'ania Abigaël shingoni hadi ikaacha alama. Abigaël hakusema kitu, kama alivyoahidi. Aliweka kiganja chini ya mgongo wa mwenzake, akangoja. Watoto walikaa juu ya mawe wakimhesabia pumzi kwa kelele. Mama Laurentine alikuja siku tatu za kwanza, akageuza uso, akaondoka. Siku ya nne alileta kiti. Na siku Fidélie alipofika peke yake kwenye jiwe kubwa lililo mbali na ufukwe na kulishika kwa mikono miwili, mama yake alisimama kwenye kiti, mtu mzima wa miaka hamsini na saba, akapiga vigelegele hadi wavuvi walio mbali wakadhani kuna harusi.

Mwaka uliofuata kule Kinshasa aliogelea mita hamsini zake vibaya, kichwa juu kama mbwa anayevuka mto, akafika wa mwisho kabisa. Yule mama mwenye daftari akaweka alama yake, akatabasamu. Mchana wake Fidélie alichukua ubingwa wa taifa, na aliyemfuata alikuwa mbali kiasi kwamba mwamuzi alitazama saa yake mara ya pili.

Ubingwa ule aliushika mara nne. Mashindano ya bara yalikuwa jambo jingine. Mara ya kwanza alipokwenda Tunisia alikuta wanawake waliokua kwenye vilabu, wenye makocha wawili wawili, wanaokula chakula kilichopimwa. Akawa wa nne. Kolwezi wakampa pole kana kwamba amefiwa. Tata Godefroid alikasirika: "Pole ya nini? Wa ine mu Afrika muzima! Na anafanya mazoezi mu skif yenye iko na myaka kuliko ye!" Akamwandikia ratiba mpya kwenye karatasi, akaibandika ukutani ndani ya klabu. Asubuhi kilomita kumi na mbili. Kisha abiria, kwa maana abiria hawakuacha kuja. Jioni kilomita sita. Jumapili misa na kulala. Mara ya pili, baada ya miaka miwili, akawa wa tatu.

Alipofikisha miaka thelathini na moja alikwenda tena. Nyonga ya mzee ilikuwa imeanza kumsumbua, hakuweza kusafiri. Alibaki kwa mwalimu, mume wa Abigaël, simu ikiwa imewekwa katikati ya meza, chumba kimejaa watu, dirishani wengine.

Mbio zilikuwa za mita elfu mbili, vyombo sita. Fidélie alianza vibaya. Hadi mita mia tano hakuona chombo hata kimoja, na kwa mpiga makasia hiyo ni habari mbaya: ukimwona mwenzako, yuko nyuma yako, usipomwona, amekutangulia. Mbele ya macho yake kulikuwa na maji matupu na maboya mekundu yakikimbia. Hakuharakisha. Aliitafuta ile sauti ndogo ya mapovu chini ya chombo, akaisikia, akaishikilia. Kwenye elfu moja ncha ya skif moja ikaingia upande wa kushoto wa macho yake, kisha mgongo wa msichana mwenye fulana nyekundu, ukarudi nyuma polepole. Kisha wa pili. Miguu yake ilikuwa inawaka moto, na ndani ya moto ule akakumbuka upepo wa mwezi wa saba, akakaza miguu vile vile. Wa tatu. Wa nne. Zilipobaki mita mia mbili alibaki mmoja tu asiyemwona, msichana wa nchi mwenyeji aliyekuwa akishangiliwa na ukingo wote. Fidélie alifumba macho, akahesabu mapigo ishirini. Alipofungua, msichana yule alikuwa pale, mbele ya macho yake, akivuta kwa nguvu zote na akiendelea kurudi nyuma. King'ora kikalia.

Saa moja baadaye simu iliyoko mezani kwa mwalimu ilipiga. Tata Godefroid akainama juu yake.

"Mama? Uliona nini?"

Sauti ilikuja ikikatika katika. "Niliona bote, Tata. Bote sita... hapana, batano. Niliona bote."

Mzee akaweka mikono kichwani. Waliokuwa dirishani hawakuelewa maneno yale, lakini walimwona uso wake, na kelele zilizotoka hapo zilivuka ziwa.

Alirudi Kolwezi siku ya Alhamisi. Uwanja wa ndege ulijaa tangu asubuhi: fanfare ya shule ya watawa na tarumbeta zake, pikipiki zaidi ya mia mbili zikipiga honi, wachimbaji wa mgodi wa Mutoshi wakiwa bado na udongo mwekundu kwenye mabuti, wauzaji wa soko, wapigana mieleka, na akina mama wa Kalwenda waliovalia kitenge kipya chenye picha yake. Mchoraji alikuwa amemnenepesha mashavu na kumtia hereni ambazo hakuwahi kumiliki. Fidélie alishuka ngazi, akaona uso wake mwenyewe juu ya matumbo na migongo ya watu mia moja, akataka kurudi ndani ya ndege. Mama Laurentine alikuwa mbele ya wote, amejifunga kitenge kile mara mbili, juu na chini.

"Mama, utanimaliza," Fidélie alimnong'oneza walipokumbatiana.

"Tulia," mama yake alijibu. "Leo haiko siku yako. Ni siku yangu mi mwenye nilikuzaa."

Kwenye uwanja wa mpira palikuwa na jukwaa, mahema na wakuu wa mkoa. Mtangazaji, aliyekuwa na suti ya kung'aa, akanguruma, "Mabibi na mabwana, bingwa wa Afrika wa kuogelea!"

Fidélie akasogelea kipaza sauti, akamgeukia mtangazaji. "Tata, unisamehe. Kuogelea, mi niko wa mwisho. Muulizeni Mama Abigaël." Uwanja ulicheka kwa dakika nzima, na Abigaël, aliyekuwa katikati ya watu na binti yake wa miaka saba mabegani, aliinua mikono kuthibitisha.

Mkuu mmoja wa mkoa akasoma hotuba. Alisema juu ya vijana, juu ya nchi, juu ya wanawake, juu ya shaba inayotoka ardhini na dhahabu inayotoka majini. Ilikuwa hotuba nzuri. Kisha akafungua kisanduku chenye nishani ya heshima ya mkoa. Fidélie hakusogea.

"Mukubwa, ngojea kidogo," alisema. "Kuna mutu anakosekana hapa."

Tata Godefroid alikuwa amejificha nyuma ya fanfare, ameketi juu ya sanduku la tarumbeta, akila karanga. Alipoitwa alikataa kwa mkono. Fidélie akasimama pale pale, mikono nyuma, nishani ikiwa hewani. Dakika ya kwanza watu walinong'ona. Dakika ya pili wachimbaji wa Mutoshi wakaanza: "Ta-ta! Go-de-froid!" Wakapiga mabuti chini, uwanja mzima ukafuata, hata mtangazaji. Mzee akainuka, akapangusa maganda kwenye suruali, akapanda ngazi moja moja kwa nyonga yake mbaya huku akinung'unika, "We mwanamuke, unanifanya nini mbele ya batu?" Lakini alipofika juu alinyoosha mgongo, na wazee wachache waliomjua enzi za Shaba walisema ndivyo alivyokuwa akisimama. Fidélie akavishwa nishani, na mkuu akampa mzee mkono kwa mikono miwili.

Tangu siku ile klabu imefunguliwa. Ina skif nne, paa jipya, na mabinti kumi na wawili ambao, kabla ya kugusa kasia, hupelekwa kwa Abigaël. Fidélie huwafundisha asubuhi. Abiria wake hakuwaacha. Anasema anayeacha kuvusha watu atasahau kusukuma.

Mwezi uliopita alimvusha mgeni mmoja kutoka Kasaji, mfanyabiashara wa mahindi, mcheshi, mwenye kofia ya majani. Katikati ya ziwa mgeni akaanza kusimulia.

"Dada, unajua kama ule mwanamuke bingwa wa Afrika ni wa huku?"

"Banasema," Fidélie akajibu, akivuta kafi.

"Ule ni wa kwetu! Mama yake mudogo na baba yangu banazaliwa tumbo moja. Mi nilimubeba mu mikono."

"Eko namna gani?"

"Murefu! Mupana! Mikono yake, kama mugulu yangu. Akikushika hivi, unavunjika. Lakini roho yake muzuri. Hawezi kusahau ndugu."

Fidélie alimtazama, akatazama pwani ya Kalwenda iliyokuwa ikikaribia.

"Ukimuona," alisema, "umusalimie sana."

"Nitamusalimia," mgeni akaahidi kwa moyo wote, akaishika kofia yake, kwa maana bwato lilikuwa limeanza kwenda kasi.